Askofu John Jewel: Mkimbizi Aliyeanguka, Akatubu, Akarudi Kujenga

Katika ukurasa wetu wa maisha ya watumishi wa Mungu wa zamani, safari hii tunawaletea habari za mtu wa Uingereza aliyeishi karibu miaka 500 iliyopita. Jina lake ni John Jewel. Wengi hawamfahamu. Alikuwa msomi mkubwa na askofu, lakini tumemchagua kwa sababu nyingine. Aliwahi kuwa mkimbizi. Tena kabla ya kukimbia alianguka kwa hofu, akatia sahihi mahali asipopaswa, na baadaye akasimama mbele ya wakimbizi wenzake akaungama. Tunaamini kwamba kuna ndugu kati yetu ambao habari hii itawafaa.

KUZALIWA NA MASOMO

John Jewel alizaliwa tarehe 24 Mei 1522 katika parokia ya Berrynarbor, upande wa kaskazini wa jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Kwao walikuwa watoto wengi. Mjomba wake, padre John Bellamy, ndiye aliyeanza kumfundisha kusoma. Baadaye alipitia kwa walimu wengine, na mwaka 1535, akiwa na umri wa miaka 13 tu, alipelekwa kwenye Chuo Kikuu cha Oxford, katika koleji ya Merton.

Huko alipata mwalimu mwema aitwaye John Parkhurst. Wakati ule Biblia kwa Kiingereza ilikuwa jambo jipya na la hatari. William Tyndale alikuwa amekamatwa kwa ajili ya kazi hiyo, naye aliuawa mwaka 1536. Parkhurst alimweka kijana huyu kulinganisha tafsiri ya Tyndale na ile ya Miles Coverdale, neno kwa neno. Hivyo Jewel alijifunza mapema kwamba Neno la Mungu linaweza kusemwa kwa lugha ya mama yake, na kwamba wako watu waliokubali kufa kwa ajili hiyo.

Mwaka 1539 alihamia koleji ya Corpus Christi, akapata digrii yake ya kwanza mwaka 1540 na ya pili mwaka 1545. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, na alisoma mno. Laurence Humphrey, aliyeandika maisha yake mwaka 1573, anasimulia kwamba alikuwa akiamka saa kumi za alfajiri kuanza masomo. Ulipoingia ugonjwa wa tauni pale Oxford, wanafunzi walihamia mji mdogo wa Witney. Jewel alilala katika chumba cha chini chenye baridi, akaugua, na mguu wake mmoja ukalemaa. Tangu hapo alichechemea hadi kufa. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana safari zake nyingi alizifanya kwa mguu huo.

MWALIMU ALIYEKUWA MKIMBIZI

Mwaka 1547 Mfalme Henry wa Nane alifariki, na mwanawe Edward wa Sita, mtoto wa miaka tisa, akawa mfalme. Washauri wake walitaka kanisa lirekebishwe. Walikaribisha walimu kutoka nchi nyingine, na mmoja wao alikuwa Pietro Martire Vermigli, Mwitalia aliyezaliwa Florence. Huyu alikuwa ameikimbia nchi yake mwaka 1542 kwa sababu ya imani. Sasa alipewa kazi ya kufundisha Maandiko Matakatifu Oxford.

Jewel alimpenda sana mwalimu huyu. Alikaa kwenye madarasa yake, akaandika mahubiri yake, akawa kama mwanawe. Basi mkimbizi wa Italia ndiye aliyemlea Mwingereza kiroho, wakati Jewel mwenyewe hajajua kwamba siku moja naye atabisha hodi kwenye milango ya watu wa nchi nyingine.

Katika miaka hiyo Jewel aliwekwa wakfu kuwa mchungaji, akapewa parokia ndogo ya Sunningwell, karibu na Oxford. Mapato yake yalikuwa madogo. Hata hivyo alikuwa akienda huko kwa miguu, akichechemea, ili ahubiri kwa wakulima.

SIKU ZA HOFU

Mwezi wa Julai 1553 Mfalme Edward alifariki akiwa na miaka 15. Dada yake Mary akawa malkia. Mary alikuwa Mkatoliki kwa moyo wote, na aliona kwamba kazi yake ni kuirudisha nchi chini ya Papa. Lazima tuseme kwa haki kwamba yeye na mama yake waliteswa sana wakati wa baba yake, na kwamba wakati wa Henry hata Wakatoliki waliuawa kwa imani yao. Mmoja wao ni Askofu John Fisher, msomi mwenye sifa, aliyekatwa kichwa mwaka 1535. Katika karne ile kila upande ulipopata serikali uliutesa upande wa pili.

Wakati huo Jewel alikuwa msemaji rasmi wa chuo kikuu. Kwa kazi hiyo ilimpasa aandike barua ya kumpongeza malkia mpya kwa niaba ya chuo. Aliiandika, huku akijua kwamba mambo yatakuwa magumu. Haikupita muda, akafukuzwa katika koleji yake. Aliwaaga wanafunzi wake, akahamia nyumba nyingine ya wanafunzi hapo hapo mjini, na baadhi yao wakamfuata.

Inasimuliwa kwamba alitembea kwa miguu hadi Gloucestershire kumtafuta mwalimu wake wa zamani, Parkhurst, apate ushauri. Alipofika alikuta nyumba tupu, kwa kuwa Parkhurst alikuwa amekwisha kukimbia. Mwalimu wake Vermigli naye alikuwa ameondoka nchini. Jewel akarudi Oxford peke yake.

Mwezi wa Aprili 1554 maaskofu watatu, Thomas Cranmer, Nicholas Ridley na Hugh Latimer, waliletwa Oxford kuhojiwa mbele ya wasomi kuhusu Ushirika Mtakatifu. Ilikuwa hatari kuonekana upande wao. Jewel alikubali kuwa mwandishi wa Cranmer na Ridley, aandike yale waliyoyasema. Hadi hapo alikuwa mtu shujaa.

Lakini wapendwa, ushujaa wa mwezi wa Aprili si lazima uwepo hadi vuli. Siku zilipozidi kuwa mbaya, Jewel aliletewa karatasi yenye mafundisho ambayo yeye hakuyaamini, akaambiwa atie sahihi. Alijua kwamba akikataa atafungwa, na huenda akauawa. Alichukua kalamu, akaandika jina lake.

Sahihi ile haikumletea amani. Moyo wake ulimshitaki, na wala adui zake hawakumwamini. Walisema ametia sahihi kwa midomo tu, wakaendelea kumwinda. Hivi ndivyo mambo yalivyo mara nyingi. Mtu hukana ili aokoe maisha, kisha akaona kwamba amepoteza amani na usalama vyote pamoja.

KUKIMBIA USIKU

Jewel aliondoka Oxford kwa siri akielekea London, safari ya kilometa 90 hivi, kwa miguu, wakati wa baridi kali. Inasimuliwa kwamba hakupita barabara kuu, na kwamba kama angepita huko angekamatwa, maana watu walikuwa wakimsubiri. Mguu wake mbovu ukashindwa. Akaanguka njiani, akalala chini kwenye theluji, akiwa karibu kufa.

Hapo ndipo alipopita Augustine Bernher. Huyu alikuwa Mswisi, mtumishi wa Askofu Latimer, aliyekuwa akizunguka kuwasaidia waumini waliokuwa gerezani na mafichoni. Alimwinua, akampandisha juu ya farasi, akampeleka kwa mama mmoja aitwaye Anne Warcup. Mama huyo alimtunza hadi akapata nguvu, kisha akamfikisha London. Huko, Bwana Nicholas Throckmorton alimpa fedha na kumtafutia chombo cha kuvuka bahari.

Wengi wetu tunaweza kuhesabu watu kama hao katika safari zetu. Yupo aliyetupa maji, yupo aliyetuonyesha njia ya porini, yupo aliyetulaza nyumbani kwake usiku mmoja bila kutuuliza kabila. Majina ya wengine hatuyajui. Mungu anayajua.

KUUNGAMA MBELE YA WAKIMBIZI

Mwezi wa Machi 1555 Jewel alifika Frankfurt, mji wa Ujerumani. Kulikuwa na Waingereza pale tangu mwaka 1554. Baraza la mji liliwaruhusu kutumia kanisa moja kwa zamu pamoja na wakimbizi waliokuwa wakizungumza Kifaransa. Kwa jumla, Waingereza waliokimbilia Ulaya siku zile walikuwa takriban 800. Walikuwa wachungaji, wanafunzi, wafanyabiashara, akina mama na watoto.

Habari ya sahihi yake ilikuwa imefika kabla yake. Katika kusanyiko lile kulikuwa na watu walioacha mashamba na nyumba, na wengine waliacha ndugu zao gerezani. Jewel angeweza kukaa kimya nyuma ya kanisa. Angeweza kusema kwamba alilazimishwa, au kwamba wengine wamefanya mabaya zaidi. Ndugu mmoja, Richard Chambers, alimshauri afanye lililo gumu. Jewel akasimama mbele ya kusanyiko lote, akakiri wazi kwamba alitia sahihi kwa woga, akalia, akaomba msamaha kwa Mungu na kwa kanisa.

Wakampokea. Hakuna aliyeambiwa asahau jambo lile, lakini tangu siku hiyo halikuwa tena siri ya kumtisha. Miaka mingi baadaye, alipokuwa askofu mwenye jina, mpinzani wake aliifufua habari ile kwenye kitabu ili kumwaibisha. Jewel hakukana. Alijibu kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuungama hadharani, katikati ya kusanyiko, bila kulazimishwa na mtu.

Ndugu zangu, tunawafahamu watu waliosema uongo ili wapone, waliotaja kabila lisilo lao, waliokana imani yao kwenye kizuizi cha barabara, waliokaa kimya wakati jirani anachukuliwa. Wengine wamebeba mzigo huo hadi hapa makazini, na wanaogopa hata kuja mezani pa Bwana. Mtume Petro alimkana Bwana mara tatu usiku mmoja, na bado alikabidhiwa kondoo. Jewel naye alikabidhiwa dayosisi nzima.

UGOMVI WA UKIMBIZINI

Tusidhani kwamba kanisa la Frankfurt lilikuwa la malaika. Watu hao waliokimbia pamoja, kwa imani moja, waligombana vibaya kuhusu utaratibu wa ibada. John Knox, Mskoti, aliyekuwa mchungaji wao, pamoja na William Whittingham na wenzao, walitaka ibada iwe kama ile ya Geneva. Richard Cox, aliyefika Machi 1555, alitaka kitabu cha sala cha Uingereza cha mwaka 1552. Jewel alikuwa upande wa Cox. Ugomvi ulikua hadi ukafikishwa mbele ya wakubwa wa mji. Upande mmoja ulimshitaki Knox kwamba katika maandishi yake alikuwa amemtukana mtawala mkubwa wa Ujerumani, na mwezi huo huo Knox akatakiwa kuondoka mjini. Wenzake wengi walihamia Geneva baadaye mwaka ule.

Fikirini wapendwa. Wenyeji waliwapa kanisa, nao wakashitakiana mbele ya wenyeji hao hao. Ni fedheha, nasi tunaijua fedheha hiyo. Hata sisi tumewahi kugombania nani ashike ufunguo wa kanisa, kwaya ipi itangulie, ibada iwe kwa lugha gani. Mtu aliyepoteza nyumba na shamba hushika kwa nguvu kile kidogo kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni desturi ya ibada. Tuelewane kwa hilo, lakini tusipelekane kwa wakubwa.

Jewel hakukaa Frankfurt muda mrefu. Mwalimu wake Vermigli alikuwa Strasbourg, naye alimwita akae nyumbani kwake. Mwaka 1556 Vermigli alipata kazi ya kufundisha Zurich, nchi ya Uswisi, na Jewel akamfuata. Heinrich Bullinger, mchungaji mkuu wa mji ule, aliwapokea Waingereza kwa ukarimu. Huko Jewel alikutana tena na Parkhurst, mwalimu wake wa ujanani. Alifika hata Padua, Italia, kwa ajili ya masomo.

Hakujua kama atarudi kwao. Habari zilizokuja zilikuwa za misiba. Oktoba 1555 Latimer na Ridley walichomwa moto pale Oxford. Machi 1556 Cranmer naye akachomwa. Cranmer pia alikuwa ametia sahihi kwa hofu, lakini siku ya kufa aliikana sahihi yake, akautanguliza motoni mkono uliotia sahihi. Wote waliochomwa wakati wa Malkia Mary walikuwa karibu 300, wengi wao watu wa kawaida. Jewel alikuwa akisikia hayo akiwa salama Zurich. Alichofanya ni kusoma. Kila siku alisoma maandishi ya mababa wa kanisa wa karne za kwanza, akisaidiana na Vermigli, akaandika na kupanga. Miaka ile ya kungoja ndiyo iliyomwandalia kazi yake yote ya baadaye.

KURUDI NYUMBANI

Tarehe 17 Novemba 1558 Malkia Mary alifariki, na mdogo wake Elizabeth akatawala. Wakimbizi walianza kufunga mizigo. Jewel aliondoka Zurich katikati ya majira ya baridi, na safari yake hadi London ilichukua siku 57. Alifika Machi 1559.

Alikuta nchi haiko kama alivyoiota. Alimwandikia Vermigli barua nyingi akilalamika kwamba mambo yanakwenda polepole, na kwamba chuo cha Oxford kimekuwa ukiwa, hakina walimu wala wanafunzi wa kutosha. Yeyote aliyewahi kurudi kwao baada ya vita atamwelewa. Nyumba ina mtu mwingine ndani, marafiki wamekufa, na wale waliobaki wanakutazama kama mgeni.

Tarehe 21 Januari 1560 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Salisbury. Alikuwa na umri wa miaka 37. Dayosisi ilikuwa maskini, kwa kuwa askofu aliyetangulia, John Capon, alikuwa amekodisha mali zake nyingi kwa watu. Wachungaji wenye elimu walikuwa wachache mno. Jewel alianza kuzunguka parokia baada ya parokia, akihubiri mwenyewe.

KITABU CHAKE

Mnamo tarehe 26 Novemba 1559 Jewel alihubiri London, katika uwanja wa St Paul's Cross, mahali ambapo umati ulikusanyika kusikiliza. Mahubiri hayo aliyarudia mwaka 1560. Alitaja desturi kadhaa za kanisa la siku zile, kama watu kunyimwa kikombe katika Ushirika, sala kuendeshwa kwa lugha wasiyoielewa, na Papa kuitwa mkuu wa makanisa yote. Kisha akasema kwamba kama kuna mtu anayeweza kuonyesha, kwa Maandiko au kwa mababa na mabaraza ya kanisa ya miaka 600 ya mwanzo, kwamba mambo hayo yalikuwepo, yeye atakubali kushindwa.

Mwaka 1562 alitoa kitabu chake kikubwa kwa Kilatini, utetezi wa Kanisa la Uingereza. Shabaha yake ilikuwa kuonyesha kwamba wao hawakuanzisha dini mpya, bali walirudi kwenye ile ya mitume. Vermigli alikisoma Zurich na kukisifu, miezi michache kabla ya kufariki Novemba 1562. Mwaka 1564 kilitoka kwa Kiingereza kizuri, na mfasiri wake alikuwa mwanamke, Anne Bacon, aliyejua Kilatini na Kigiriki vizuri. Wasichana wetu wanaosoma shule za hapa walishike jina hilo. Mwanzoni mwa karne ya 17 vitabu vya Jewel viliwekwa katika makanisa mengi ya Uingereza ili watu wasome.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Thomas Harding, aliyetoka Devon kama yeye, na aliyesoma Oxford siku zile zile. Harding alikuwa Mkatoliki, na Elizabeth alipotawala alipoteza nafasi yake katika kanisa kuu la Salisbury. Akakimbilia Louvain, nchi ya Ubelgiji ya leo. Kwa miaka kadhaa waliandikiana vitabu vikubwa na maneno makali. Harding alifia huko Louvain mwaka 1572.

Tunalisema jambo hili ili tuwe wakweli. Jewel alirudi nyumbani, na jirani yake akawa mkimbizi kwa zamu yake. Hatusomi kwamba Jewel alimhurumia. Wakatoliki wengi waliteswa chini ya Elizabeth. Hata rafiki yake Laurence Humphrey, aliyekuwa mkimbizi mwenzake Zurich, alinyimwa na Jewel nafasi ya uchungaji mwaka 1565 kwa sababu alikataa kuvaa mavazi yaliyoamriwa. Mtu anaweza kulia mbele ya kanisa akiomba rehema, na akipata kiti akasahau kuitoa. Nasi tukirudi makwetu siku moja, Mungu atukumbushe. Hata hivyo Humphrey hakuweka kinyongo. Ni yeye aliyeandika maisha ya Jewel kwa upendo, na ndiyo maana tunayajua.

FIMBO YA SAFARI

Jewel hakuoa. Nyumba yake ya uaskofu aliijaza vijana maskini, akawalisha, akawafundisha, akafurahia kuwasikiliza wakijadiliana wakati wa chakula. Wengine aliwalipia masomo Oxford. Mmoja wao alikuwa Richard Hooker, kijana wa Heavitree karibu na Exeter, ambaye wazazi wake hawakuwa na uwezo. Ndugu wa baba yake alimwomba askofu msaada, naye akampatia nafasi katika koleji yake ya zamani, Corpus Christi.

Mwandishi Izaak Walton alisimulia kisa hiki mwaka 1665. Hooker na mwenzake walikuwa wakitoka Oxford kwenda kwao kwa miguu. Wakapitia Salisbury kumsalimu askofu, naye akawakaribisha mezani pake. Wakati wa kuagana aliwapa mawaidha na baraka, lakini akasahau kuwapa kitu cha njiani. Alipokumbuka alimtuma mtumishi amrudishe Richard. Akamwambia kwamba anamwazima farasi aliyembeba yeye maili nyingi. Kisha akamkabidhi fimbo, ile aliyotembea nayo katika nchi ya Ujerumani. Akamwongezea sarafu kumi za fedha za njiani, na nyingine kumi amfikishie mama yake, pamoja na ombi kwamba mama huyo amwombee askofu. Akaahidi nyingine kumi wakati wa kurudi, akileta farasi.

Hooker alikuja kuwa mwandishi mkuu wa theolojia wa Kanisa la Uingereza. Vitabu vyake vya kwanza kuhusu sheria na utaratibu wa kanisa vilitoka mwaka 1593.

MWISHO WAKE

Mwili wa Jewel haukuwa na nguvu, naye hakuupumzisha. Mwezi wa Septemba 1571 alikuwa njiani kwenda kuhubiri Lacock, katika jimbo la Wiltshire. Bwana mmoja alikutana naye, akamwona jinsi alivyokonda, akamsihi arudi nyumbani, maana afadhali watu wakose hotuba moja kuliko kumkosa mhubiri kabisa. Jewel alimjibu kwamba inafaa askofu afe akiwa anahubiri. Akaendelea na safari, akahubiri kutoka Wagalatia sura ya 5, juu ya kuenenda kwa Roho. Baada ya hapo akalazwa, na hakuinuka. Alifariki tarehe 23 Septemba 1571 huko Monkton Farleigh, akiwa na umri wa miaka 49. Alizikwa katika Kanisa Kuu la Salisbury. Vitabu vyake vilinunuliwa na koleji ya Magdalen, Oxford, ambayo mkuu wake wakati huo alikuwa Laurence Humphrey.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, aliyeanguka asikae peke yake na kuanguka kwake. Atafute mchungaji au mzee wa kanisa anayemwamini, aseme. Na sisi tunaopokea ungamo tufanye kama watu wa Frankfurt walivyofanya kwa Jewel, tumpokee ndugu, tusimgeuze kuwa hadithi ya kisimani.

Pili, miaka ya ukimbizini si ya kutupwa. Jewel alikuwa nje ya nchi yake miaka minne, hana kazi, hana mshahara, hajui kesho. Alisoma. Ndugu vijana, aliye na Biblia asome, aliye na kitabu cha darasa asome, aliye na fundi wa kumfundisha ufundi ajifunze. Nchi zetu zitahitaji watu waliojiandaa.

Tatu, tusisahau fimbo. Jewel hakuificha fimbo yake ya ukimbizi alipopata uaskofu. Aliitunza, na ilipofika wakati alimkabidhi mtoto wa maskini aliyekuwa njiani. Kila mmoja wetu ana kitu kama hicho, sufuria iliyovuka mpaka, kanga iliyombeba mtoto, Biblia iliyolowa mvua. Wazee, waonyesheni watoto vitu hivyo, na muwaambie jinsi Bwana alivyotuvusha.

Kwa majadiliano ya jumuiya za nyumba kwa nyumba, someni Luka sura ya 22, habari za Petro uani kwa kuhani mkuu, na Yohana sura ya 21, habari zake kando ya ziwa. Kisha mjiulize: Je, katika jumuiya yetu mtu anaweza kusema kweli juu ya siku zake za hofu na bado akaitwa ndugu?

Bwana awabariki na kuwalinda. Amina.